Nani Aibebe Fremu ya Atupele

Hapo zamani, wala si zamani ya fisi na sungura, ni zamani hii hii ya simu mfukoni, palikuwa na studio ya picha mjini Tukuyu. Mwenyewe aliitwa Mzee Mwaipaja, mtu wa suti na wa kujisikia. Mfanyakazi wake aliitwa Tusekile. Kazi ya Tusekile, na hapa tegeni masikio maana balaa lote limo humu, ilikuwa kuwaandikia wateja barua pepe za ofa, hasa kile kichwa cha barua, ule mstari mmoja unaousoma kabla hujaamua kufungua au kufuta.

Tusekile alikuwa na kipaji. Aliandika "Leo tu, picha nusu bei", watu wakaja mbio, na kesho yake Mzee akaongeza siku. Akaandika "Siku ya mwisho", watu wakaja, Mzee akaongeza siku. Akaandika "Saa za mwisho", Mzee akaongeza siku. Tusekile akaona haya, akamwambia bosi wake kwamba ipo siku watu watachoka. Mzee akamjibu kwamba hakuna mteja anayesusa nusu bei. Basi akaendelea kuandika, na tusimwonee huruma sana, maana alifurahi kila alipoona barua zake zinafunguliwa.

Mmoja wa waliozipokea alikuwa Gwakisa, fundi wa gereji, kaka yake Atupele. Mama yao alifariki Atupele akiwa bado ananyonya, na baadaye nyumba yao iliungua pamoja na picha pekee ya mama. Binti akakua bila kuijua sura ile. Watu walimwambia kwamba pua ni ya mama yake, naye alikuwa akijishika pua, anatafuta. Lakini negativu, kile kipande cha filamu ambacho kwacho picha ile ilisafishwa, ilikuwa bado kabatini kwa Mzee Mwaipaja.

Katika ukoo wao, binti akifanyiwa sendoff, ile sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, picha ya mzazi aliyefariki hubebwa mbele yake akiingia ukumbini. Atupele alishanunua fremu. Kusafisha picha ya zamani ilikuwa ghali, na Gwakisa akamwahidi kwamba ofa ikija atakwenda, tena atasafisha kubwa.

Ofa ikaja. Siku ya mwisho. Gwakisa akatupa spana, akakimbia na grisi mikononi, akakuta foleni, akaambiwa arudi wiki ijayo, siku zimeongezwa. Gereji nzima ikamcheka. Ya pili ikawa vile vile. Ya tatu akaisoma, hakuinuka.

Sasa biashara ikamfia Mzee. Jengo likauzwa, akatakiwa kutoka Jumatatu, na kabati lile hakuwa na pa kulipeleka. Akaamua negativu zote zichomwe Jumamosi. Tusekile akataka kichwa cha barua kiseme hivyo hivyo: "Tunafunga, njoo uokoe picha zako." Mzee akakataa. Hakutaka mji ujue kwamba ameanguka.

"Andika kama siku zote," alisema. "Hayo ya kufunga yaweke huko ndani."

Tusekile akaandika "Siku ya mwisho". Akatuma. Gwakisa akaiona akiwa chini ya gari, akaifuta kwa kidole gumba.

Jumamosi moshi ukapanda nyuma ya studio. Jumatatu Tusekile alikuwa akifagia chumba kitupu alipoingia msichana aliyekumbatia fremu.

"Dada, nimekuja kumchukua mama," alisema.

Tusekile alimtazama ile pua, akaketi sakafuni na ufagio wake, akalia.

Siku ya sendoff, mlangoni pa ukumbi, Atupele aliwaita watatu: Mzee, Tusekile na kaka yake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Tusekile zaidi. Akasema fremu itaingia hivyo hivyo tupu, na aibebe yule aliyempotezea mama yake.

Mzee Mwaipaja akajikohoza. "Mimi habari niliitoa, mwanangu. Ilikuwemo ndani ya barua. Alaumiwe aliyekataa kufungua."

"Za uongo nilizifungua zote, Mzee," Gwakisa akasema. "Hii moja ya kweli mkaivalisha nguo zile zile." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Lakini ahadi ilikuwa yangu, na kidole kilikuwa changu."

Tusekile alikuwa akiitazama fremu, ina kioo safi, imefutwa vizuri, na ndani yake anajiona mwenyewe.

"Yeye aliamuru, lakini maneno ni yangu," akasema. "Kati ya sisi watatu ni mimi peke yangu niliyeujua ukweli na kujua pia kwamba hakuna atakayefungua. Nikanyamaza. Nilikuwa naogopa kufukuzwa kazi, Atupele, kwenye studio inayofungwa."

Ndani ngoma zikaanza. Mshereheshaji akaita jina la bibi harusi, wageni wakasimama, mlango ukafunguliwa. Atupele akainyoosha fremu mbele yake, bila kumtazama yeyote.

Haya, nanyi mnaonisikiliza, msiniachie mimi. Binti amesimama, mikono inamchoka. Mzee aliyeficha aibu yake, mwandishi, na kaka: je, nani alistahili kuipokea?