Kichwa cha Shaba na Mikono ya Bi Mwanakombo

Paukwa!
Pakawa!
Kukawa na nini?
Kukawa na kichwa.
Cha nani?
Hakina mwenyewe, hakina shingo, na bado kinaandaliwa wali!

Kaeni vizuri. Na wewe hapo karibu na moto, acha kuitazama kahawa yangu, sikiliza.

Zamani za kale, katika mji wa Sultani Makame, hapakuwa na fundi wa bao kama Bi Mwanakombo. Kila Ijumaa Sultani alimketisha kwenye sinia lake, wakala pilau pamoja. Nafasi ile ndiyo ilikuwa fahari yake yote.

Siku moja mhunzi akaleta kichwa cha shaba kinachosema. Akakiweka mbele ya bao. "Nahesabu, nahesabu, nahesabu," kikasema. Kikahesabu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, ndipo kikamwambia mhunzi, "Nichezee shimo lile." Bi Mwanakombo akafungwa. Akafungwa tena. Akafungwa mara ya tatu.

Ijumaa iliyofuata kichwa kikawekwa kwenye mto aliokuwa akikalia Bi Mwanakombo, kikapakuliwa pilau na paja la mbuzi. Hakina tumbo! Bi Mwanakombo akachungulia mlangoni kwa wivu.

"Hata kutafuna hakijui," akasema, "na bado kimewekewa paja!"

Nyumbani hakula wala hakulala. Ijumaa ya pili akachungulia tena, akarudi kwake analia. Ijumaa ya tatu uvumilivu ukamwishia, akaingia ndani.

"Bwana wangu, nataka kucheza tena, lakini kwa ngoma. Ikilia mara tatu na hujacheza, umefungwa. Nikishinda, narudi mahali pangu. Nikishindwa, siligusi bao tena maishani."

"Michezo mitatu," Sultani akasema. "Na fanyeni upesi, pilau inapoa."

Mchezo wa kwanza kichwa kikashinda, maana hata kikiharakishwa kilikuwa hodari. Jasho likamtoka Bi Mwanakombo.

Mchezo wa pili akachota kete, hakuzihesabu. Kiganja chake kilijua uzito wa kete sita na uzito wa kete saba tangu utotoni. Ngoma ikalia ndu! Akasambaza. Ndu! Akala. Akashinda.

Mchezo wa tatu wakakabana mpaka mwisho. Zamu ikawa ya kichwa.

"Nahesabu." Ndu!
"Nahesabu." Ndu!
"Naona! Shimo la..." Ndu!

"Umechelewa," mpiga ngoma akasema.

Vigelegele vikapigwa. Bi Mwanakombo akaketi kwenye mto wake, akalishika paja. Kichwa kikawekwa pembeni. Akatafuna polepole makusudi, kimwone.

"Bi Mwanakombo," kikaita.

"Unasemaje?"

"Nakuonea wivu."

"Tangu leo?"

"Tangu ulipochungulia mlangoni. Wali ule niliuhesabu punje kwa punje. Hebu niambie, una ladha gani?"

Bi Mwanakombo akabaki na mnofu mkononi. Ijumaa mbili nzima aliteseka kwa sahani ambayo kichwa chenyewe hakikuionja hata kidogo. Akaona haya.

"Usisikitike," akakidanganya. "Chumvi imezidi."

Mpishi akasikia, akanuna mpaka leo.

Hadithi yangu imefika kwenye ukoko, sufuria nakuachieni. Wenye wivu mnisikie: kabla hujaumia kwa sahani ya mwenzio, tazama kwanza kama anakula. Na wewe uliyekitolea macho kikombe changu tangu nianze, njoo ukichungulie. Kitupu.