Nungunungu na Kigae cha Maji

Masikio yapo?

Yapo, tumeyafungua.

Basi yashikeni, naanza.

Hapo zamani za kale aliishi Nungunungu, msomi wa ukoo wake. Alijua hesabu za nyota na majina ya pepo zote. Mkewe alijua kulima maboga. Basi walikula maboga, si nyota.

Mke akafa. Akaacha mbegu tatu ndani ya kibuyu, za boga lenye nyama nyekundu ambalo hakuna mwingine aliyekuwa nalo.

Siku ya matanga Nungunungu aliifagia bustani, wageni wasione uchafu. Aling'oa mrehani. Alitupa jalalani kigae chenye maji na kokoto, maana hakujua kazi yake. Nyuki walipokuja wakivuma, akawaambia wakavume kwingine, hapa kuna msiba. Nyuki wakahama.

Kisha akazipanda zile mbegu. Zikaota, zikatambaa, zikatoa maua.

Vijiboga vya kwanza vikageuka njano, vikaanguka. Nungunungu akasema ni udongo, akaongeza samadi. Vya pili vikaanguka. Akasema ni maji, akamwagilia asubuhi na jioni. Vya tatu vikaanguka. Basi akasimama katikati ya bustani, akayahutubia maua hadi adhuhuri. Maua yalisikiliza kwa adabu, kisha yakanyauka.

Maua dume yalikuwa bado yanachipua, lakini ua jike lilibaki tumba moja. Kesho yake lingefunguka. Likianguka nalo, mbegu ya mkewe imekwisha duniani.

Nungunungu akakumbuka ni nani waliokuwa wakishinda kwenye maua ya mkewe, akaenda msituni, kwenye mti walikohamia nyuki. Nyuki mzee akatoka.

"Karibu, shemeji. Umekuja kutufukuza na huku?"

"Nimekuja kuuliza. Maua yangu yana kasoro gani?"

"Hayana. Lakini hayana miguu pia. Ulidhani nani anabeba unga wa ua dume kuupeleka kwa ua jike?"

Nungunungu akafikiri. "Nilidhani ni mke wangu."

"Dada yetu alituwekea maji tu. Kwenye kigae, na kokoto za kukanyaga tusizame."

"Nimekitupa," akasema Nungunungu. "Na mimi ndiye msomi wa ukoo."

Nyuki wakacheka hadi mti ukatetemeka. Naye akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Akarudi, akafukua jalala, akakiosha kigae, akapanga kokoto, akatia maji. Asubuhi ua likafunguka. Akaketi kimya, kazi iliyomshinda maisha yake yote. Nyuki mmoja akaja, akanywa. Akaingia ua dume, akatoka njano mwili mzima, akaingia ua jike.

Boga moja likakomaa. Lilikuwa na mbegu mia nne na kumi na mbili. Alizihesabu, hakuweza kujizuia. Tatu akazirudisha kibuyuni, nyingine akawagawia majirani.

Tangu hapo kila asubuhi hujaza kigae, akakaa kusikiliza mvumo wa nyuki. Husema nyumba haiko kimya sana sasa.

Funzo lake ni hili: usitupe kitu kwa kuwa tu hujui kazi yake, uliza kwanza. Anayekulisha huenda ni mdogo kuliko ukucha wako.

Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye jembe akalime, mwenye kigae akijaze.