Sime Iliyoogopa

Sogeeni mkekani, wajukuu zangu. Wewe, acha kutafuna! Nyamazeni tuelewane.

Zimwi lilimmeza Mize, mdogo wake Kidawa, mzima mzima. Kidawa akakimbilia kwa mjomba wake, mhunzi, ambaye silaha zake zilikuwa zikisema.

"Chagua unayoipenda, mwanangu. Ila iulize kwanza."

Akaushika upanga mrefu. "Utanisaidia?"

"Mimi napasua mwamba!"

Akaurudisha. Akalishika jambia lililopinda. "Utanisaidia?"

"Mimi nakata upepo!"

Akalirudisha, kwani majivuno hayo yalimzidishia hofu. Akaishika sime fupi, ikatetemeka mkononi mwake. "Utanisaidia?"

"Dada, mimi naogopa."

"Hata mimi. Basi twende tukaogope pamoja."

"Kidawa! Hiyo mke wangu hukatia mchicha!" mjomba akapiga kelele, lakini Kidawa huyoo!

Zimwi lilipomwona likacheka. "Umeniletea kijiti cha kuchokolea meno?" Likainyakua sime, likaimeza.

Kule tumboni sime ikazidi kutetemeka, vrrr, vrrr, vrrr, ikalitekenya zimwi mbavu zote. Likacheka, likagaagaa, likacheka, likapiga chafya moja kubwa, na Mize akachomoka nje ameikumbatia sime.

"Mchukue mdogo wako!" likalia zimwi. "Mchukue na kidude chako!"

Basi miaka ikapita. Upanga na jambia walivirithi watoto wa mjomba, na mpaka leo vinajisifu ukutani. Sime aliirithi binti wa Mize, anailaza kando ya mto wake wa kulalia. Na zimwi, maskini, lilirithi kwikwi.