Mwalimu Asiyejua Kifaransa

Mtu akinyamaza, tusikimbilie kusema hana kitu kichwani. Hervé, dereva wa lori la maziwa mjini Carhaix, magharibi mwa Ufaransa, alikimbilia, na yaliyompata siku ile hajayasahau.

Binti yake Katell, wa miaka mitano, alikuwa kasuku wa nyumba, tena kwa Kifaransa. Mama yake akashikilia apelekwe shule ya Kibretoni, lugha ya mababu ambayo Hervé hakuijua hata chembe. Shuleni humo mwalimu hatamki Kifaransa mbele ya watoto, hata wakilia. Huonyesha kwa mikono, huimba, hurudia mpaka koo limkauke, wala hamlazimishi mtoto kusema. Watoto waliamini kabisa kwamba Mwalimu Soazig hajui Kifaransa.

Krismasi ikapita, Katell hajafungua kinywa darasani. Soazig aliwasihi wazazi wavute subira. Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na Februari Hervé akachoka. Asubuhi moja aliingia darasani na mabuti yake ya kazini.

"Mwalimu, leo namchukua mwanangu. Nilimleta anasema, nyinyi mmemfanya bubu."

Soazig alimjibu kwa upole, kwa Kibretoni.

"Sikuelewi, mama. Unanifanya mjinga mbele ya watoto?"

Soazig akitamka neno moja la Kifaransa, kazi ya miezi yote imeharibika. Asipotamka, mtoto anaondoka. Hervé alikwisha kuushika mkono wa Katell.

Katell akauchomoa. Alimtazama mwalimu wake kwa huruma, kama mtu anayemwona mgeni amepotea njia, kisha akasema kwa Kibretoni kilichonyooka:

"Mwalimu, huyu ni baba. Anataka kunichukua kwa sababu sisemi. Amekasirika, lakini usiogope, hapigi mtu."

Watoto wote waligeuka. Soazig alinong'ona kwa Kibretoni, "Mwambie baba aketi."

"Baba, anasema uketi," Katell alitafsiri. "Na mimi nasema uvue mabuti, unachafua mkeka."

Hervé alipigwa na butwaa. Akajikuta ameketi kwenye kiti cha mtoto.

"Katell, tangu lini unajua haya yote?"

"Tangu zamani."

"Mbona husemi?"

"Nilikuwa nasikiliza. Sasa yeye hajui Kifaransa, wewe hujui Kibretoni. Nisiposema mimi, mtaongeaje?"

Machozi yalimlenga Hervé, naye hakuyaficha.

"Muulize," alisema mwishowe, "kama atakubali ubaki."

Katell aliuliza. Soazig alitikisa kichwa kukubali, kwani naye hakuweza tena kusema kwa lugha yoyote. Watu wazima wawili walinyamazishwa na mtoto waliyemdhania bubu. Ama kweli, kimya kingi kina mshindo mkuu.