Ndoo ya Fulu

Mtu mmoja alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na heshima yake yote alikuwa ameifunga kwenye mkia wa ng'ombe huyo. Jina lake Ambakisye, lakini kwenye kituo cha kukusanyia maziwa hakuna aliyelitumia. Walimwita Fulu, kwa kuwa kila asubuhi, mvua inyeshe, ukungu ushuke, ndoo yake ilifika imejaa hadi kwenye mfuniko. "Ugonile, Fulu!" walimsalimu tangu mbali, naye aliitikia kwa kichwa tu, kama waziri.

Ikafika ile miezi ambayo ng'ombe mwenye mimba kubwa huachwa akauke. Kila mfugaji anajua: miezi miwili kabla ya kuzaa hakamuliwi, ili mwili umjenge ndama na ujijenge wenyewe. Mkewe alimwambia mara moja tu, akipepeta maharage, "Baba Lusajo, muache apumzike. Au unataka umkamue mpaka ndama?"

Hilo alilijua. Asichokijua ni namna ya kupita barabarani bila ndoo. Wenzake walikausha ng'ombe wao kila mwaka, wakakaa nyumbani, na hakuna aliyekufa. Lakini hao hawakuwa Fulu.

Basi akaendelea. Akaongeza pumba, akaongeza molasi, akamkanda kiwele kwa maji ya moto, akakamua mara tatu badala ya mbili. Ng'ombe akatoa, akatoa, mbavu zikaanza kuhesabika. Ndoo ikawa nusu. Siku ilipokuwa robo, Ambakisye alisimama kwenye kijito, akachungulia huku na huku, akauona uso wake majini. Akainama haraka asijitazame, akachota.

Siku tisa alifika fulu. Siku tisa walimsifu, na sifa zikamchoma masikio. Aliacha kuitikia hata kwa kichwa. Nyumbani alikamua akiwa ameangalia ukuta, maana macho ya ng'ombe hakuyaweza.

Siku ya kumi mpimaji wa kituo, mama mmoja mpole aitwaye Tusekile, akatumbukiza kipimo chake cha kioo, kile kinachoelea juu maziwa yakiwa maziwa. Kikazama. Akakitoa, akakifuta, akarudia. Kikazama tena. Mmoja kwenye foleni akashindwa kujizuia: "Fulu! Hayo ni maziwa, au umekamua mto?" Watu wakacheka mpaka ndoo zao zikamwagika.

Tusekile hakucheka. Alimrudishia ndoo kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni chakula.

"Ungekuja mikono mitupu, baba, tungekupa pole," alisema. "Sasa tukupe nini?"

Ambakisye aliipokea ndoo. Aliyamwaga maziwa yale kwenye mtaro, akatembea katikati ya barabara ileile aliyokuwa anaiogopa, ndoo ikining'inia tupu mbele ya kila mtu.

Nyumbani akatandika majani makavu ya migomba, akaleta nyasi, akampaka ng'ombe mafuta kwenye chuchu zilizopasuka. Ng'ombe akalala. Saa nne asubuhi, jua linawaka, wapita njia wanaona, yeye amelala! Ambakisye akakamata fimbo amwinue, eti asionekane mvivu. Hapo ndipo alipogundua kwamba anaona aibu kwa niaba ya mnyama ambaye mwenyewe haoni aibu yoyote. Akaiweka fimbo chini. Akakaa kwenye majani yaleyale, akiwa na uchovu ambao tangu mwaka uanze hakuwahi kuutaja, hata kwa mkewe. Mama Lusajo akapita, akawaona wote wawili, akamwekea kikombe cha uji pembeni, akaenda zake.

Kesho yake hakwenda kituoni. Kesho kutwa pia. Kila ndoo iliyopita njiani ilimuuma. Hakuisubiri aibu iishe ndipo apumzike. Alipumzika nayo hivyohivyo, imemkalia kifuani.

Ndama alizaliwa mdogo. Alisimama kwa shida, lakini alisimama. Hakuna aliyepiga makofi.

Nanyi mnaosikiliza, msimcheke sana Fulu. Mtu akisema amechoka mnamwambia ajitume, akidondoka mnauliza mbona hakusema. Hayo mtajibu siku nyingine. Leo swali ni la wewe uliyeamka umekauka, ukaosha uso, ukatoka hivyohivyo ili usionekane: hicho ulichowapa watu asubuhi hii, kilikuwa maziwa?