Kidole Gumba Kwenye Glasi

Wahenga walisema kweli ikidhihiri, uongo hujitenga. Maana yake, uongo unaweza kukalia kiti cha mbele na kuvimba kichwa, lakini ukweli ukiingia, huondoka wenyewe bila kufukuzwa.

Binti mmoja alikuwa mwaka wa tatu chuoni, akisomea sayansi ya uchunguzi wa jinai. Mama yake, mshonaji, aliyaita masomo hayo "shahada ya maiti". "Ukikosa nafasi ya mafunzo kule maabara ya serikali, mwanangu, cherehani inakungoja," alimwambia. Nafasi ilikuwa moja tu, na jaribio la mwisho ndilo lingeamua.

Siku ya jaribio, darasa liligeuzwa chumba cha tukio la uhalifu: kiti kimepinduliwa, glasi iko mezani. Binti alipoiokota glasi, glavu yake ilichanika na kidole gumba kikaigusa. Aliandika kosa lake kwenye karatasi yake ya kumbukumbu za uchunguzi, kwa kalamu ya wino.

Mwenzake wa kikundi, aliyeitwa Nadhifu kwa koti lake lisilokunjamana, alichungulia.

"Una wazimu? Chana hiyo karatasi, andika upya. Nani atajua?"

"Glasi inajua."

"Utajiponza bure, dada."

"Andika yako. Yangu siifuti."

Nadhifu akaandika yake: hakuna aliyeigusa glasi kwa mkono mtupu.

Wiki iliyofuata ilifanyika mahakama ya mazoezi. Mhadhiri wao, mpelelezi mstaafu, alijifanya wakili wa kumtetea mtuhumiwa wa kubuni.

"Kwa hiyo wewe ni mzembe?" alimuuliza binti.

"Nilizembea, mwalimu. Ndiyo maana nimeandika."

Darasa zima likaangua kicheko. Binti hakuinamisha kichwa.

Mhadhiri akaonyesha ukutani alama ya kidole iliyopatikana kwenye glasi. "Ya nani hii?"

"Ya mtuhumiwa," Nadhifu akajibu haraka. "Kumbukumbu yangu inathibitisha."

Mhadhiri akatoa kadi za alama za vidole walizochukuliwa wanafunzi wote mwaka wa kwanza, akaweka ya binti kando ya ile. Zikalingana mstari kwa mstari.

"Hongera, kijana. Umemfunga mtu asiye na hatia."

Nadhifu aliokota mkoba wake, akaenda kuketi nyuma kabisa bila kuambiwa.

Jioni hiyo binti alimpigia mama yake simu. "Nafasi nimepata, mama. Cherehani yako shonea mwenyewe."

Kweli ikidhihiri, uongo hujitenga.