Walimu Watatu na Ndege Isiyoruka

Nimewaletea kesi. Anayeipokea aseme ameipokea. Na anayedhani ameshaijua hukumu kabla sijaanza, asogee hapa mbele nimwone vizuri, maana watu wa namna hiyo mimi siwaamini.

Walikuwapo walimu watatu wa urubani, wapya kabisa, leseni zao bado zinanuka plastiki. Wa kwanza Ambakisye, kijana wa Tukuyu, mtoto wa fundi baiskeli. Huyu alikuwa na mkono. Akiweka kiganja juu ya chuma anakuambia kama kimechoka. Wa pili Kokugonza, binti wa Bukoba, naye alikuwa na jicho. Mpe gazeti, kabla ya habari anasoma tarehe, kisha namba za kurasa, kisha ndipo anauliza nani kafa. Wa tatu Mwantumu wa Tanga, ambaye kipaji chake hakina jina. Ukikaa naye dakika kumi kwenye foleni ya benki, utajikuta umeshamsimulia ugomvi wako na wifi yako, na yeye hajakuuliza kitu.

Wote watatu walikuwa na ugonjwa mmoja: hawajawahi kuajiriwa. Kila chuo walichobisha hodi waliambiwa, "Rudi ukiwa na uzoefu." Sasa uzoefu wataupata wapi, ikiwa kila mlango unaudai kwanza? Mwaka ukapita. Mwalimu asiyefundisha ujuzi unamtoka kidogo kidogo, na leseni nayo ina tarehe yake ya mwisho. Walihitaji kazi ya kwanza, moja tu, halafu mengine yangefuata.

Ndipo likatoka tangazo kutoka chuo kimoja kidogo huko Mbuga Nyeupe. Anahitajika mwalimu mmoja wa urubani. Uzoefu si lazima. Nyumba ipo, chakula kipo, kuruka kila siku, aanze mara moja.

Mimi tangazo kama hilo ningelisoma mara mbili, kisha ningelifungia maandazi. Lakini mimi sijakaa mwaka mzima nikiambiwa nirudi nikiwa na uzoefu. Wao walikwenda.

Wakapokewa na meneja, Bwana Semkiwa, viatu vinang'aa katikati ya vumbi lile, naye huita kila mtu "kapteni". Akawaeleza kwamba mwenye chuo ni Mama Ndeonasia, mjane, anaishi mjini na hana habari na mambo ya ndege. Nafasi ni moja. Majaribio ni siku tatu, na atakayefaa ataanza na mwanafunzi aliyebaki, Daktari Naserian, daktari wa mifugo anayetaka kuyafikia maboma ya mbali kwa ndege. Mwalimu wake wa zamani aliondoka. "Alikuwa mlevi," alisema meneja, bila mtu kumuuliza.

Sasa sikilizeni kitu cha ajabu. Siku ya kwanza hawakuruka. Walifundisha ubaoni. Siku ya pili hawakuruka. Upepo, alisema meneja, na bendera ya kiwanja imelala kwenye mlingoti kama taulo. Chuo cha kuruka, ndege ipo, mafuta yapo, walimu watatu wana kiu ya kuruka, na hakuna anayeruka. Kila mmoja aliona. Kila mmoja alinyamaza, kwa sababu nafasi ni moja, na aliyeanza kulalamika ndiye angeanza kufungasha.

Siku ile ya kwanza Ambakisye aliomba aikague ndege, angalau ikiwa imesimama bandani. Akaizunguka, akagusa mbawa, akagusa propela, akafika kwenye mguu wa gurudumu la mbele. Ulikuwa na rangi mpya, nyeupe, wakati ndege nzima imefifia. Akaupitishia kiganja. Akaurudia. "Huu mguu mbona umepakwa peke yake?" aliuliza. Meneja akacheka, akamshika bega. "Kapteni, mtu mwenye mkono kama wako ndiye ninayemtafuta. Nafasi ni yako, ila wenzako wasijue." Ambakisye akajiambia kwamba rangi si kosa, na kwamba yeye si fundi wa ndege aliyesajiliwa. Alikula vizuri mchana ule.

Kokugonza aliomba daftari la ndege, lile linaloandikwa kila safari na kila tengenezo. Alilisoma kuanzia jalada. Baada ya ukurasa wa arobaini na sita ukaja wa arobaini na tisa. Kabla ya pengo ilikuwa tarehe tano Julai, baada yake tarehe kumi na mbili. Karatasi nzima ilikuwa imetolewa, tena kwa wembe, kwa uangalifu wa mtu anayejua anachokifanya. Akaenda ofisini, akasema, "Bwana meneja, hapa pana karatasi haipo." Meneja akausukuma mlango ukafungwa. "Kapteni, jicho kama hilo chuo hiki kinalihitaji. Nafasi ni yako. Wenzako wasijue." Kokugonza aliondoka akijiambia kwamba akishaajiriwa atalifuatilia. Akishaajiriwa, mnaona?

Mwantumu hakuomba kitu. Aliona ndege, hakuona rangi. Aliona daftari, hakulifungua. Kwa hiyo adhuhuri ya siku ya pili meneja alimwita yeye, akamwekea mezani faili la Daktari Naserian. "Huyu ameshaiva, ni kuruka peke yake tu kumebaki. Na mwanafunzi haruki peke yake bila mwalimu kumsainia. Saini hapa, nafasi ni yako, wenzako wasijue." Hakuwa ameruka na Daktari hata dakika moja. Alijua haifai. Akasaini.

Jioni, moyo unamsuta, alijipeleka jikoni kumsaidia mpishi, Bi Sikujua, kumenya vitunguu saumu. Wakamenya nusu ungo. Halafu Bi Sikujua akaanza mwenyewe.

"Mwanangu, wewe una uso wa mtu wa kwetu. Yule mwalimu hakuwa mlevi. Siku ya Saba Saba meneja alipanda ndege peke yake, naye leseni yake ilikwisha zamani. Nilikuwa naanika sahani pale nje. Ikashuka ikadunda mara tatu, ile pua yake ikainama kama ng'ombe anayekunywa maji. Akamwambia mwalimu aandike kwamba ni yeye aliyekuwa anaruka. Mwalimu akakataa, akaondoka kwa miguu na begi lake kichwani. Mimi niliambiwa nikisema, jiko sina."

Mwantumu alikimbia ofisini akaifute saini yake. Pamefungwa, meneja ameondoka na funguo. Angeweza kuwaambia wenzake usiku uleule. Hakuwaambia. Aliona haya, na tena alijiuliza kama mmoja wao si jasusi wa meneja.

Asubuhi ya tatu wakaketi kunywa chai, na Daktari Naserian akaja mezani akitabasamu mpaka magego. Alikuwa na khanga kavu mkononi. Nyuma yake mlangoni pa banda kulikuwa na ndoo mbili za maji zimejaa. Hapo walimu wote watatu wakaacha kutafuna. Marubani wana desturi yao: mtu akiruka peke yake kwa mara ya kwanza, akishuka anamwagiwa maji, kichwa mpaka viatu. Ndoo zile maana yake Daktari anaruka leo. Na akiruka leo, basi mmoja wao watatu amesaini.

Daktari akanywa chai yake, akawaaga, akaenda. Wakabaki wanatazamana.

"Nani?" aliuliza Kokugonza.

"Mbona unaniangalia mimi?" Ambakisye akamaka. "Labda ni wewe."

"Mimi?"

"Ni mimi," alisema Mwantumu. "Nilisaini jana mchana. Na jana jioni nimesikia kwamba meneja aliidundisha hiyo ndege, pua ikainama."

"Pua?" Ambakisye alisimama. "Mguu wa mbele una rangi mpya. Nimeuona tangu juzi."

"Aliidundisha lini?" Kokugonza akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Saba Saba."

"Kuna karatasi imekatwa kwenye daftari. Tano Julai mpaka kumi na mbili."

Na injini ikawaka huko nje.

Naomba mlielewe vizuri, maana hapa ndipo ubaya wenyewe ulipo. Mguu ukivunjika mkononi mwa mwanafunzi anayeruka peke yake, nani atauliza habari za Julai? Lawama zingekuwa za Daktari, kama angekuwa hai wa kulaumiwa, na za mwalimu mgeni aliyemsainia. Ndiyo maana uzoefu haukuwa lazima. Ndiyo maana hakuna mwalimu aliyeruhusiwa kuirusha ndege ile, asije akausikia mguu. Nikiikumbuka kesi hii hasira hunipanda upya, na mimi simo.

Walikimbia. Ndege ilikuwa imeshaanza kutambaa kuelekea njia ya kurukia. Kokugonza aliingia chumba cha redio, akamsukuma meneja kwa kiwiko, akasema, "Daktari, zima injini, ndege ina kasoro." Meneja akapiga kelele nyuma yake, "Endelea Daktari, huyo hajui kitu!" Ndege ikasita. Redio ikauliza, "Nani anaongea? Nimsikilize nani?" Mwantumu akachukua redio. "Daktari, mimi ndiye niliyekusainia. Sikustahili kusaini, sikuwahi kuruka nawe. Nimeifuta saini yangu. Ukiondoka unaondoka bila ruhusa." Ambakisye yeye alikuwa ameshafika mbele ya ndege, kitambaa kimelowa mafuta ya taa, amesimama palepale gurudumu litakapopita. Propela ikasimama. Akapiga magoti, akasugua ile rangi nyeupe. Chini yake palikuwa na ufa. Daktari Naserian alishuka, akaingiza ukucha wake ndani ya ufa ule, na ukucha ukaingia wote. Akaketi chini kwenye lami.

Siku ya pili yake Mama Ndeonasia alifika. Bwana Semkiwa alikwisha kukabidhiwa kwa polisi, viatu vyake vikiwa vichafu kwa mara ya kwanza. Mama aliwaita walimu watatu na Daktari kwenye meza ileile ya chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtu niliyemwamini miaka sita karibu aue mtu kwa ndege ya marehemu mume wangu. Kwa hiyo msinitegemee nitabasamu. Ndege itatengenezwa. Ndege ni moja, mwanafunzi ni mmoja, na kazi ni moja, safari hii ni kazi ya kweli. Niambieni kwa nini nimpe mmoja wenu."

Ambakisye akasema, "Mama, haya mengine ni maneno na makaratasi. Ufa niliuonyesha mimi. Na mbele ya propela nilisimama mimi."

"Uliiona rangi siku gani?" aliuliza Mama.

"Siku ya kwanza, mama."

"Ukamwambia nani mwingine?"

"Hakuna, mama."

Kokugonza akasema, "Mama, bila tarehe zangu, maneno ya jikoni yangeitwa umbea na rangi ingeitwa usafi. Mimi ndiye niliyeyafanya yawe ushahidi. Na wenzangu hawa, kila mmoja ana doa lake, lakini mimi sikusaini kitu."

"Hukusaini kwa sababu ulikataa, au kwa sababu hukuombwa?"

"Sikuombwa, mama."

Mwantumu machozi yalikuwa yameshamtoka. "Mama, mimi nilisaini. Sina la kujitetea. Lakini wao walinyamaza mpaka niliposema mimi. Kama nisingekiri, tungekuwa bado tunatazamana pale mezani."

"Na kama usingesaini," alisema Mama, "asingekuwa ndani ya ndege."

Kisha akamgeukia Daktari Naserian. "Roho ilikuwa yako. Chagua wewe."

Daktari aliwatazama mmoja mmoja. "Mama, nami nawaza tangu jana. Huyu Mwantumu alinipeleka kufa, na ndiye huyuhuyu aliyenirudisha. Hawa wawili waliniokoa, lakini walikaa nami mezani, wakaniona nikinywa chai, na kila mmoja moyoni ana lake. Nikisema nimchague asiye na kosa, simuoni. Nikisema nimchague aliyeniokoa, ni wote." Akatikisa kichwa. "Siwezi. Waulizeni watu wengine."

Basi ninyi ndio hao watu wengine. Najua wapo hapa walioamua tangu ndoo za maji, na wapo watakaosema wagawane, lakini kazi haigawanyiki, na wawili lazima warudi kwenye milango ileile wakaambiwe warudi na uzoefu. Tajeni jina moja. Ila kabla hamjalitaja, jueni kwamba kwenye ndege ya mafunzo mwanafunzi hukaa kushoto na mwalimu kulia, na huko juu hakuna wa tatu wa kumuuliza kitu. Jumatatu asubuhi kiti cha kushoto msimweke Daktari Naserian. Mwekeni mtoto wenu mwenyewe, mfungeni mkanda, mfungeni mlango. Sasa niambieni: kulia mnampandisha nani?